Desemba Hii, Nenda Kamwone Bibi

*Kila mwaka tunasema "mwakani nitakwenda". Wazee wetu wanatusikia, wanatabasamu, halafu wanahesabu miaka iliyobaki.*

Kama unaishi Dar es Salaam huhitaji kalenda kujua kwamba Desemba imefika. Foleni ya Mwenge inapungua, fundi aliyekuahidi gauni hapokei tena simu, na duka la Mangi pale mtaani lina kufuli kubwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: "Tutafungua Januari". Ukiuliza wako wapi, jibu ni lile lile la miaka yote: "Wachagga wamekwenda kuhesabiwa!"

Basi msomaji wangu, mimi ni mmoja wa hao wanaokwenda kuhesabiwa. Na nikwambie kitu: huo utani una ukweli ndani yake. Kule juu, kwenye kihamba chetu cha Marangu, kuna mtu ambaye kweli anahesabu. Ni Bibi, mama mzaa baba, aliyezaliwa mwaka 1938. Usiku wa mkesha anakaa jikoni na kuwataja watoto, wajukuu na vitukuu mmoja mmoja, nani amefika na nani bado yuko njiani. Ambaye hakuja anatajwa pia, na kila mtu anasikia.

Usidhani haya ni mambo ya Wachagga peke yao. Wahaya wengi nao hufunga safari ya Bukoba wakati kama huo. Pwani na Visiwani, asubuhi ya Idd watoto wanavaa nguo mpya na kupita nyumba kwa nyumba kuwaamkia wazee na kupewa mkono wa Idd. Kila mahali sikukuu ina mzee wake, na kila mzee ana kiti chake. Swali ninalotaka tuulizane mwezi huu ni hili: hicho kiti kikibaki kitupu, sikukuu yenu itabaki na nini?

Kahawa ilitusomesha, shule ikatuondoa

Watu wengi wananiuliza, kwani lazima iwe Desemba? Sababu ya kwanza ni ya kawaida tu, shule zimefungwa na wengi tumepata likizo. Lakini kuna historia pia. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Fedha ya kahawa ikajenga nyumba za bati na ikalipa ada. Waliosoma wakapata kazi Dar, Arusha, Mwanza na nje ya nchi. Kwa hiyo kahawa ndiyo iliyotusomesha, na shule ndiyo iliyotuondoa nyumbani! Ardhi nayo ni finyu. Kihamba kilichomtosha Babu hakiwezi kugawanywa kwa wajukuu kumi na tisa kila mtu akapata pa kulima.

Kwa wasiokijua kihamba, hili si shamba tu. Ni shamba, nyumba na makaburi kwa pamoja. Migomba iko katikati, chini yake kahawa, magimbi na maharage, juu yake miti mikubwa inayotoa kivuli, na pembeni mfereji wa maji uliochimbwa na wazee. Utaalamu huu ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Babu yetu amelala kwenye kihamba chetu, hatua chache kutoka jikoni. Ndiyo maana mtu wa kwetu akisema "nakwenda nyumbani" hata kama ana nyumba yake Tegeta, mkewe hapaswi kushangaa.

Safari yenyewe si mchezo

Kutoka Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550. Kwa basi ni siku nzima. Unaondoka kituo cha Magufuli pale Mbezi alfajiri, unapita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu Same na Mwanga ambako utani wa Wachagga na Wapare unaanza ndani ya basi na hauishi mpaka Himo. Wiki ya Krismasi tiketi zinakuwa dhahabu. LATRA hutangaza nauli kikomo na kuwaonya wanaopandisha kiholela, lakini ukisubiri tarehe 22 utakutana na vishoka wenye bei zao.

Mimi na mume wangu tumejiwekea utaratibu: tiketi zinakatwa Novemba. Mabasi ya usiku yapo, kwani yaliruhusiwa tena mwaka 2023, lakini sisi tukiwa na watoto tunapenda mchana. Treni ya abiria nayo ilirudi kwenye reli ya Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi, na kwa familia yenye watoto wanaopenda kutembeatembea ni raha yake. Uliza ratiba mapema tu. Na kama unaendesha gari lako, tafadhali usifukuzane na mtu. Bibi anataka kukuona ukiwa mzima. Saa uliyofika haimhusu.

Mtoto wetu wa miaka sita alilala kutoka Korogwe hadi Mwanga. Tulipofika Himo na kuanza kupanda kuelekea Marangu, hewa ikabadilika. Joto la Dar likabaki chini, tukaanza kutafuta masweta. Wingu likafunguka kidogo jioni ile na Kibo akaonekana, mweupe juu kabisa. Mtoto akauliza, "Bibi anaishi pale?" Mume wangu akamjibu, "Karibu na pale."

"Mke mwenzangu, umekonda!"

Mume wangu ni Mngoni wa Songea. Mara ya kwanza nilipompeleka Marangu alikuwa amefanya mazoezi ya "Shimbonyi" njia nzima ili amwamkie Bibi Kichagga. Bibi akaitikia, akamtazama juu mpaka chini, kisha akanigeukia mimi na kusema, "Mke mwenzangu, mume wetu ni mrefu, lakini hujamlisha." Tangu siku ile mimi ni mke mwenza, yeye ni "mume wetu", na sahani yake ya ndizi hujazwa kuliko ya mtu yeyote. Ndivyo utani wa bibi na mjukuu ulivyo, unamfanya mgeni awe mwenyeji kabla hajakaa.

Krismasi ya 2024 tulimkuta Bibi amebadilika. Sauti ni ile ile na maneno ni yale yale, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kama jani kavu. Kutoka kitandani hadi jikoni anapumzika mara mbili. Dada anayeishi naye akatuambia kwamba usiku wakati mwingine anaita majina ya watu waliokwisha kufa. Bibi mwenyewe alipotuona tunanong'ona akasema, "Kama mnaniongelea, ongeeni kwa sauti. Masikio bado ninayo."

Jioni ile, watoto wakiwa wameuzunguka moto, aliwasimulia usiku wa Uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera na mwenge juu ya kilele cha Kibo, Bibi alikuwa binti aliyeolewa, mwenye mtoto mgongoni. "Tulikaa nje usiku kucha tunatazama juu," alisema. Watoto wakauliza, "Mliuona mwenge?" Akacheka. "Tuliona giza na baridi. Lakini tulijua upo." Mtoto wangu anasoma habari za mwenge huo shuleni. Mwalimu wake hawezi kumweleza baridi ya usiku ule.

Kila chakula kina mwenyewe

Krismasi ya kwetu huanzia jikoni siku nyingi kabla. Mbege haitengenezwi kwa siku moja. Ndizi mbivu zinachemshwa na kuachwa zichachuke, zinachujwa, kisha zinachanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa. Gome la msesewe ndilo linaloipa ule uchungu wake. Miaka yote Bibi ndiye aliyekuwa mpishi. Mwaka ule alikaa kwenye kigoda, akawa anaonja na kuamuru tu: "Bado. Ongeza moto. Sasa acha." Aliyekuwa anakoroga ni binamu yangu, mhasibu wa benki, kucha zimepakwa rangi na khanga kiunoni. Alitoa jasho si la kawaida!

Halafu kuna mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama ambao mama aliyejifungua hupewa apate nguvu. Kuna machalari, kuna kiburu cha ndizi na maharage, na kuna kisusio, supu ya damu na mifupa ambayo mume wangu alihitaji miaka mitatu kuizoea. Mbuzi akichinjwa hagawanywi ovyo ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, kwa kufuata umri na nafasi ya mtu katika ukoo. Kijana wa mjini anaweza kuona ni ubaguzi. Lakini ukiangalia vizuri utaona ni namna ya kumwambia kila mtu: una nafasi yako hapa, na tunaikumbuka.

Asubuhi ya Krismasi ni kanisani. Walutheri wa Kilimanjaro na tarumbeta zao, jamani, hata kama ulilala saa nane utaamka tu. Baada ya ibada kuna mnada nje ya kanisa. Aliyeleta sadaka ya mkungu wa ndizi, jogoo au mayai, vinanadiwa palepale. Mume wangu alipandisha bei ya jogoo mmoja mpaka watu wakapiga makofi, kumbe jogoo mwenyewe alitoka kwa Bibi. Tukamrudisha nyumbani kwa miguu yake, kwa bei ya kuku wawili wa Dar. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Chungu kimoja

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Baba yangu ana kaka mmoja na mdogo wake mmoja. Kwa mila ya kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo baba mdogo anaishi hapo hapo na Bibi. Baba mkubwa ana sehemu yake ng'ambo ya mfereji. Tangu mwaka 2019 ndugu hawa wawili walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka.

Mipaka ya vihamba hupandwa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo Mchagga huyaheshimu sana. Masale ya kwenye mpaka wetu yalikauka upande mmoja. Yakapandwa mengine, na kila ndugu alidai mwenzake ndiye aliyeyasogeza. Tunazungumzia hatua tatu, nne hivi! Lakini hatua nne za kihamba si kitu kidogo, na maneno yaliyosemwa yalikuwa makubwa kuliko hizo hatua. Kwa hiyo kila Krismasi baba mkubwa alikuwa anakuja kumsalimia mama yake saa mbili asubuhi na kuondoka kabla mdogo wake hajatoka kanisani. Bibi alikuwa anapika vyungu viwili. Sisi wajukuu tulizoea, tukawa tunapanga ratiba kama wafanyakazi wa uwanja wa ndege.

Mwaka ule Bibi akatangaza: "Nguvu ya vyungu viwili sina. Mwaka huu chungu ni kimoja."

Siku ya pili ya Krismasi, tarehe 26, akawaita wanawe wote. Alikuwa anajua jambo moja ambalo wote tulikuwa tumelisahau. Babu alipopanda ule mpaka, yeye ndiye aliyekuwa amemshikia miche. Hakuna mtu mwingine aliye hai aliyekuwepo. Akasema anataka kwenda kupaonyesha.

Ni mteremko, na mvua ilikuwa imenyesha. Binamu zangu wanne wakamweka kwenye kiti cha plastiki, wakakiinua begani, tukashuka naye katikati ya migomba. Yeye amejifunga khanga mbili na blanketi, fimbo mkononi, anaelekeza kama dereva: "Kushoto. Polepole, mimi si gunia la mahindi." Nyuma yake baba mkubwa, nyuma yake kidogo baba mdogo, na baba yangu katikati kama polisi wa usalama barabarani. Sisi wengine tukifuata, hakuna aliyetoa sauti.

Karibu na mfereji akasema simameni. Akaelekeza fimbo kwenye lundo la majani makavu. "Palikuwa na mringaringa. Baba yenu alianzia hapo." Vijana wakafukua. Kweli, kikawepo kisiki cha zamani, kimeoza, lakini mizizi yake bado imeshika. Kutoka pale mstari ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye sale la zamani lililobaki upande wa juu. Haukuwa ule aliokuwa anaudai baba mkubwa, wala ule wa baba mdogo. Ulipita katikati yao.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha baba mdogo akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akaliweka mbele ya kaka yake. Kwa asiyejua, kwetu sale ndilo ombi la msamaha. Ukiletewa sale unaona aibu kukataa, hata kama moyo bado una donge. Baba mkubwa alilitazama lile jani, akalichukua, akamwambia mdogo wake, "Mpelekeni mama ndani, atapata baridi." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote!

Mchana wakala chungu kimoja. Sitakudanganya kwamba walikumbatiana kama kwenye sinema. Walikaa ncha mbili za benchi na waliongea habari za mbolea. Lakini walikula, na Bibi aliwaangalia mpaka chakula chake kikapoa.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nafikiria: tungechelewa mwaka mmoja, au miguu ya Bibi ingekataa kabisa, au kumbukumbu yake ingemtupa mkono, ule mpaka ungeamuliwa na nani? Ungeenda baraza la ardhi, na familia ingekwenda nao. Tunapenda kusema "tunakwenda kuwaona wazee" kana kwamba tunawafanyia hisani. Kumbe wana vitu vyetu mikononi mwao, na wanangoja tuje tuvichukue.

Kwenu au kwetu?

Najua wasomaji wengi wa kurasa hizi ni wanandoa, na kila Novemba barua zenu zinauliza jambo moja: twende kwa nani? Mkifunga ndoa mnaunganisha koo mbili, lakini tarehe 25 Desemba inabaki kuwa moja. Mama mkwe wangu yuko Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, na yeye pia ana jiko, ana wajukuu, ana hesabu yake ya nani hakuja.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulibishana mpaka tiketi zikaisha. Mwishowe mume wangu akaja na pendekezo ambalo mpaka leo naliona la busara: miaka ya shufwa ni Marangu, miaka ya witiri ni Songea. Hakuna mjadala, hakuna kununiana, kila mzee anaijua zamu yake mapema. Ule mwaka ambao si zamu ya upande mmoja, tunakwenda kuwaona Pasaka au likizo ya katikati ya mwaka, hata kwa siku mbili.

Wenzetu wengine wana mipango tofauti. Kuna wanaogawa Krismasi na Mwaka Mpya. Kuna wanaowaleta wazee mjini, ingawa wazee wengi wakikaa wiki mbili wanaanza kuuliza nani anawalishia kuku. Mpango wowote ni mzuri kama umekubaliwa na wote wawili, na kama bajeti yake haiachi nyumba bila ada ya Januari. Usikope kwa ajili ya kuonekana. Mzee hajui aina ya gari ulilokodi, anajua umefika.

Na jambo moja kwa wanaume: ukiwa kwenu usimwache mkeo peke yake jikoni na mashangazi siku nzima halafu wewe uko na washkaji wa zamani. Kwa wanawake nao: mume akiwa kwenu ni mgeni, mtafsirie mazungumzo. Nilipomkuta mume wangu anacheka mahali ambapo watu walikuwa wanazungumzia msiba, nilijua kazi ya kutafsiri ni ya kwangu!

Ukishafika kwa mzee wako

Haya hapa mambo machache ambayo nimejifunza kwa Bibi na kwa wenzangu. Chukua yanayokufaa.

*1. Msifike wote siku moja.* Nyumba yenye watu wawili mwaka mzima ikipokea watu ishirini na tatu kwa mkupuo, mzee anachoka. Wachache watangulie, wapike, wasafishe.

*2. Beba vitu vya matumizi.* Sukari, majani ya chai, mchele, mafuta, sabuni, tochi, soksi nzito, blanketi. Zawadi ya mapambo itawekwa kabatini. Ila khanga mpya ni lazima, usiniulize kwa nini.

*3. Angalia kadi ya kliniki na dawa.* Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na inatambua haki yake ya kutibiwa. Uliza lini alipima presha na sukari mara ya mwisho. Angalia dawa zimebaki ngapi, na muulize mtaalamu kama pombe ya sikukuu inagombana nazo.

*4. Punguza chumvi kwenye chungu chake.* Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Nyama ya sikukuu na supu vinapita hapo haraka.

*5. Tembea nyumbani kwake kwa macho yake.* Kizingiti kinachokwaza, taa ya njia ya chooni, mkeka unaoteleza. Sisi tulitumia asubuhi moja kufunga mbao za kushikilia ukutani. Bibi akasema sasa nyumba yake ni kama basi la mwendokasi.

*6. Kama una mafua au kikohozi, kaa mbali kidogo.* Kwako ni siku tatu, kwake yanaweza kuwa makubwa.

*7. Uliza, kisha nyamaza.* Usiulize "habari za zamani", uliza kitu kimoja: nani alipanda mti huu? Harusi yako mlikula nini? Omba ruhusa, uwashe kinasa sauti cha simu. Nina saa nne za sauti ya Bibi, ikiwemo namna ya kupika mbege na mpaka wote kutoka kisiki hadi sale.

*8. Mpe kazi.* Mzee anayekalishwa kwenye kochi na kuambiwa apumzike anajiona mgeni kwake. Aonje, apange, abariki, agawe nyama.

Januari ndiyo yenyewe

Kuna kitu ambacho hatukifikirii tukiwa kwenye basi la kurudi na maboksi ya parachichi. Tarehe 2 au 3 Januari, nyumba iliyokuwa na watoto wanaokimbizana inabaki na sauti ya mfereji tu. Dada anayemtunza Bibi alituambia kwamba wiki hiyo Bibi hali vizuri. Anaendelea kupanga vikombe vingi mezani asubuhi, halafu anavirudisha.

Kwa hiyo kabla hatujaondoka, wajukuu tulikaa kikao chetu chini ya mparachichi na kupeana siku. Kila mmoja ana siku yake ya kumpigia simu Bibi, saa moja jioni, na siku isiyo na mtu wanaigawana wale wa Arusha ambao wanaweza kufika. Gharama ya dada anayemtunza tunachanga kila mwezi, na binamu yangu mhasibu ndiye mweka hazina, hana huruma kabisa kwa wanaochelewa. Siku yangu ni Alhamisi. Mara nyingi Bibi ananiuliza vitu vitatu tu: mume wetu amekula, mtoto anasoma, mvua huko imenyesha? Dakika tano. Akishapata majibu anasema "Aika" na kukata simu kabla sijamaliza kuaga.

Mwaka wa 2025 ulikuwa zamu ya Songea, kwa hiyo Pasaka tulipanda Marangu kwa siku tatu kumwambia Bibi kwamba Krismasi hatutakuwepo. Nilidhani atasikitika. Akasema, "Nendeni. Mama wa watu naye anahesabu." Halafu akaniuliza kama baba mkubwa na baba mdogo wataendelea kula pamoja akiwa hayupo. Nikamwambia sijui, Bibi, lakini sasa mpaka unajulikana. Akafikiri kidogo. "Mpaka ni rahisi," akasema. "Chungu je, nani atapika?"

Binamu yangu mwenye kucha za rangi akanyoosha mkono.

Sasa zamu yako, msomaji wangu. Huenda bibi yako yuko Bukoba, Makete, Pangani au Pemba. Huenda kwako sikukuu ni Idd, huenda ni Krismasi, huenda ni siku tu ambayo mlizoea kukutana. Likizo umeshaiomba? Tiketi bei yake unaijua? Na nani katika ukoo wenu amenyoosha mkono kuchukua chungu? Kama jibu ni bado, anza na kilicho rahisi. Namba yake unayo kwenye simu. Mpigie leo jioni, muulize kama mvua imenyesha, kisha mwambie tarehe utakayofika. Taja tarehe kabisa, maana wazee wetu wanajua kuhesabu.